Kurutu Hana Ukurutu

Ng'ambo, Alkhamisi, Mfunguo Mosi, 1955

Mvua imenyesha tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni, na mimi nina furaha nisiyojua niiweke wapi.

Leo nusura nikose mume kwa ajili ya neno moja.

Ami yake Haji alikuja kuniposa kwa niaba ya kijana wake. Baba alikwishasema kauli ya mwisho ni ya dada yake, shangazi Mwanakombo, aliyetujia kutoka Tumbatu tangu Idi. Nikajibanza nyuma ya pazia kusikiliza.

"Kijana wenu yukoje?" shangazi akauliza.

"Alhamdulillahi. Sasa hivi ni kurutu."

Shangazi hajawahi kulisikia neno hilo. Alichosikia yeye ni ukurutu, ule upele wa ngozi.

"Maskini! Tangu lini?"

"Tangu Rajabu. Wako wengi, wanalala chumba kimoja, wote wamenyolewa vipara."

"Na huisha?"

"Huisha, Bi Mwanakombo. Miezi sita tu, akivumilia."

"Basi rudini akishapona."

Ami akaduwaa. Alidhani kazi ya polisi inadharauliwa. Akainuka, akaanza kuvaa makubadhi yake.

Mwari hasemi kwenye posa yake, nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nampenda Haji, na makubadhi yale yalikuwa yanaondoka naye. Maneno yakanitoka.

"Shangazi, kurutu ni askari anayefundishwa kwata! Wazungu husema rikruti, sisi tukalilainisha likawa kuruti, kurutu, wengine kuruta. Hana upele!"



Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Ami akaangua kicheko, akayavua tena makubadhi. Baba akajitia kukohoa. Shangazi akafunua pazia, akanitazama juu mpaka chini.

"Na we umeyajuaje yote hayo?"

Ningejibu nini? Kwamba nikitoka kujifunza ushoni huzunguka mpaka kwenye kiwanja chao cha kwata, nikamsikia sajini anavyowafokea, na njia fupi ya nyumbani naiacha makusudi?

Nadhani uso ulinijibia.

Shangazi akamgeukia ami. "Posa tumeikubali. Kijana wenu mzima. Mwenye ukurutu ni huyu wetu, tena unamwasha!"

Naandika huku nacheka peke yangu. Kuanzia kesho nitapita njia fupi, kwa adabu, kama mchumba wa watu.

Au nizunguke kiwanjani mara moja tu, ya kuagia?