Sura ya Mulonda Haina Ruhusa ya Kutoka

Bukavu, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Mama yangu muzazi,

Sasa hivi mujukuu wako Mulonda ametumbukiza mukono mpaka kiwiko mu sufuria ya kole, ile ya kubandikia karatasi, na analamba vidole kama anakula bugali. Nimemupangusa, analia, ananikasirikia kama ni mimi nilimunyanganya chakula. Kole yenyewe ni unga ya muhogo tu, haiui. Lakini sufuria ni yangu, mama, ni ile ulinipa nikiolewa, na baba Mulonda ameifanya chombo ya kazi yake!

Basi nianze vizuri. Ukoje, mama? Mugongo unakuachia kulima? Na baba, kile kikohozi kilimutoka? Huku tuko wazima, ila baridi na mvua vinatuchokesha. Feza mudogo wangu, wewe unayemusomea, soma pole pole, usiruke maneno.

Mama, kila barua unaniomba nikutumie sura ya mutoto, foto yake, maana toka azaliwe hujamuona. Kila mara najibu inakuja. Leo nakuelezea kwa nini haikuja, na utaniambia kama ni mimi niko na wazimu.

Ile santre, nyumba ya masomo université ilifungua hapa ku kilima, baba Mulonda anabeba barua zao na anabandika maafishi. Afishi ni karatasi kubwa ya ukutani yenye maneno na picha, ili watu wajue leo iko masomo, kesho iko mupira. Mbele ya mvua walitaka moja ya kuita wamama walete watoto kupima kilo. Nilikuwa nimepeleka chakula ya bwana yangu, Mulonda mugongoni, na muzungu wa foto akamuona. "Huyu! Huyu mwenye mashavu!" Wakamuweka ku mizani, akacheka, meno yake mbili zikaonekana. Afishi ikatoka nzuri, mama, nzuri sana.

Nikasema, moja itaenda kwako Shabunda. Baba Mulonda akasema, "Tulia, mama Mulonda. Tubandike kwanza. Kupima kilo kukiisha nitakubandulia moja muzima."

Akabandika zote. Na kole ya muhogo! Asubuhi tukakuta mbuzi za zamu, mulinzi wa usiku, zimesimama ku ukuta kwa miguu ya nyuma, zinakula mutoto wangu, zimeanzia mashavuni. Zile za juu mbuzi hazikufika, mvua ikazimaliza.

Ikabaki moja tu. Pale santre, kwenye chumba ya vitabu, iko muzungu muzee anachunga moja-moja ya kila afishi mu kabati ya chuma. Nikaenda mimi mwenyewe na mutoto, baba Mulonda nyuma yangu, kofia mukononi, kama mutu anayeenda kuhukumiwa.

Muzee akavuta kabati. Mulonda alikuwa pale, anacheka, juu ya afishi ya mupira.

"Bwana, nipe hii," nikasema. "Mama yangu iko mbali, hajamuona."

"Mama, afishi ikisha kuingia humu haina ruhusa ya kutoka. Tunaichungia watu watakaokuja nyuma ya miaka mia."

"Miaka mia! Bwana, wale hawajazaliwa. Mama yangu iko na macho leo!"

Hakuwa mutu mubaya. Alivua miwani, akaipangusa, akaniambia nikuje kuangalia siku yoyote ninapenda. Mimi, kuangalia! Huyu mutoto ninamuangalia toka jua linatoka, anamwaga maji yangu, anakula kole. Si mimi ninayemukosa.

Njiani baba Mulonda ananiambia, "Lakini ni heshima. Mutoto wetu anachungwa na université."

"Basi université imunyonyeshe."

Wamama waliokuwa wanapita na mizigo wakacheka, mumoja akamuambia, "Papa, leo utapika mwenyewe!"

Tukafika nyumbani. Kisha nikamuambia: foto imefungwa, sawa. Mutoto, nani alimufungia mu kabati? Akakuna kichwa. Akasema barabara iko matope. Daraja limevunjika. Karatasi ya ruhusa ya safari inatoka kwa taabu. Nikamuambia daraja tutavuka kwa miguu. Akacheka kidogo, amechoka na mimi, lakini jana alirudi na karatasi, muhuri juu yake.

Mama, tunakuja. Tutapanda kamio, gari kubwa ya mizigo, ya munyabiashara akimaliza kupakia chumvi. Barua hii inatangulia na dereva mwingine.

Musalimie baba, na tonton Kasindi, mujomba yangu anayechimba dhahabu, na shangazi yangu aliyenifundisha kusuka vikapu, na mwalimu wa kanisa. Feza, nitakuletea kitambaa.

Ni mimi Wabiwa, binti yako.

Nimesahau kukuambia: akikuona atalia, mama, hakujui. Usivunjike moyo. Anapenda kubebwa mugongoni na kuimbiwa, hata wimbo mubaya. Muache alie kidogo, kisha umufunge na kitenge yako, utembee naye mpaka kisimani, na mukirudi atakuwa

Baba Mulonda anaita, dereva wa barua amewasha mashini. Nilisema mukirudi atakuwa amekuzo