Spika za Mapokezi

Shoga yangu, nimejifungia chumba cha kuhariri video na sina pa kutokea. Mlango ni mmoja, unapitia mapokezi, na mapokezi kakaa mama wa bibi harusi.

Video ya harusi ya binti yake ilikuwa inakwamakwama, nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta nikabadilisha draiva ya picha, ile programu inayoendesha picha. Picha ikakaa sawa, sauti ikapotea. Nikabadilisha na draiva ya sauti, nikachagua spika ya kwanza niliyoiona kwenye orodha. Kwenye hedfoni kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Kumbe nimechagua spika za mapokezi. Za mapokezi, shoga.

Na kipande chenyewe ni kile ambacho bwana harusi kasahau kwamba ana maiki kwenye koti. Anasema, "Mama mkwe leo kapakwa poda kama ukuta unaopigwa chokaa." Halafu mtu anacheka mpaka anakosa pumzi.

Nimekirudia mara tatu. Mara tatu, kwa sababu mimi nilikuwa sisikii kitu.

Sasa hivi huyo mama kagonga mlango. Hajafoka, bora angefoka. Kasema taratibu, "Mwanangu, sauti nimeisikia vizuri. Fungua nione picha, nataka kumjua huyo anayecheka."

Nimemwambia picha inagoma. Kasema atasubiri, leo hana safari nyingine.

Picha haijagoma, shoga. Iko mbele yangu, safi kabisa. Anayecheka ni binti yake.