Baba, Timboroa Haikuwa Kama Nilivyokusomea

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako cha mbao, karibu na dirisha la jikoni, hapa hapa mtaani Buruburu. Nimechoka, Baba. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni wa mtu aliyezunguka dunia nzima bila kuvuka hata mpaka wa Malaba.

Kazi yangu unaijua. Tovuti moja ya wasafiri hunitumia majina ya mahali ambapo watu wengi hawajawahi kupasikia: kijiji cha milimani Georgia, mji mdogo kaskazini mwa Laos, kisiwa cha Saint Helena. Natazama picha, nasoma ya wengine, kisha naandika maneno themanini ya kumtia mtu hamu ya kwenda. Nikimaliza kipande kimoja, kingine kinangoja.

Sukari ilipokuchukua macho, ulianza kusikiliza vidole vyangu vikigonga kompyuta. Ulikuwa ukiuliza, "Leo tuko wapi, mama?" Uliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mamako. Nami nilikusomea. Hukuwahi kusema ni nzuri wala ni mbaya. Uliuliza tu. "Hicho kisiwa, maji ya kunywa wanatoa wapi?" "Huko juu mlimani, mgonjwa anashushwaje?" Mara nyingi sikuwa na jibu. "Basi hujafika," ulisema ukicheka, nami nikacheka, maana sote tulijua sijafika.

Asubuhi moja uliweka kikombe chini ukasema, "Nataka unipeleke Timboroa."

Nilijua ulianzia kazi huko, karani kijana wa stesheni ya reli, wewe na Mama mkiwa mmeoana juzi. Zaidi ya hapo hamkuwa mkisimulia. Nikakujibu, "Wiki ijayo, Baba." Wiki iliyofuata nilikuwa Laos. Iliyofuata, sijui wapi. Hukuniuliza tena kwa maneno, ila kila Jumapili ulimwomba Otieno, jirani yetu wa ukuta mmoja, akuambie kama gari lake lina afya. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Nilikuwa na nafasi ya kila mji duniani, isipokuwa ule ulionitajia wewe.

Mwishowe Otieno mwenyewe ndiye aliyenisema. "Dada, mzee anangoja nini? Twende Jumamosi." Tukaenda.

Baridi ya Timboroa ilikupokea mlangoni mwa gari, ukatabasamu kabla hujakanyaga chini. Nikakushika mkono, nikaanza kukueleza. Nikasema stesheni ni ndogo, ya kupendeza, imekaa kwenye kijani kibichi, hewa ni safi, pametulia.

"Paa je?"

"Jekundu, Baba."

Ulisimama. Ukaipapasa ardhi kwa fimbo yako, kushoto, kulia.

"Mama," ukasema polepole, "hiyo umeniandikia. Sasa niambie."

Aibu iliyonishika siku ile sijawahi kuipata mbele ya mtu mwingine yeyote. Nikakuambia. Mabati yameng'olewa upande mmoja. Dirisha la tiketi limepigiliwa mbao. Nyasi zinafika magotini, na mbuzi wamelala pale abiria walipokuwa wakikaa. Uliitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayesomewa majina ya watu anaowafahamu. Kisha ukasema, "Nipeleke nyuma ya nyumba ya tatu ya wafanyakazi wa reli. Kuna mkaratusi. Chini yake kuna mtoto."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mtoto wetu wa kwanza," ukasema. "Barasa. Aliishi siku tisa. Mvua ilikuwa imeharibu njia, hatukuweza kumpeleka kumzika nyumbani Kimilili. Mamako alinikataza nisimtaje. Sasa yeye mwenyewe hayupo, na mimi naogopa kuondoka naye kinywani."

Otieno alivua kofia. Mimi nilitazama nyuma ya nyumba ya tatu. Hapakuwa na mkaratusi. Hapakuwa na alama yoyote. Palikuwa na mama mmoja akilima. Nilitamani kukudanganya, Baba. Maneno ya kudanganya ninayo mengi, ndiyo kazi yangu. Lakini ulikuwa umenigeuzia uso wako, unangoja.

"Ni shamba la viazi," nikasema.

Ukauliza, "Vimetoa maua?"

"Ndiyo. Meupe."

Yule mama aliacha jembe akaja. Nilipomweleza, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee, Mungu anajua, hakuna aliyetuambia. Tungejua tungepaacha."

"Usipaache," ukamwambia. "Lima tu, mama. Pamelimwa, hapajatupwa."

Alikushika mkono akakupitisha katikati ya matuta hadi ulipotaka. Uliinama, ukaweka kiganja kwenye udongo, ukanong'ona. Sikusikia ulichosema. Sikutaka kusikia. Yalikuwa yenu.

Miezi miwili baadaye ulilala hukuamka. Kwenye kile kijitabu cha mazishi, mahali pa majina ya watoto, nilimwandika Barasa wa kwanza. Shangazi alinivuta kando ya hema. "Huyu ni nani?" Nikamwambia, "Kaka yetu mkubwa." Alinitazama sana, kisha akaketi juu ya nyasi akalia kwa namna ambayo hakuwa amekulilia wewe. Kumbe naye alijua. Kumbe mlikuwa wengi mliombeba, kila mtu kivyake.

Sasa naandika, lakini kwa shida. Nikiona picha ya bonde zuri, nauliza nani amelala pale na kama kuna anayejua. Mhariri anasema maelezo yangu yamekuwa mazito, wasafiri hawataki uzito. Ana haki yake. Wiki hii nimemwandikia vipande vitatu tu, na cha nne nimekiacha katikati nikaja kukaa hapa.

Sikuombi ushauri, Baba. Nilitaka tu ujue kwamba sijamnyamazia Barasa. Maisha yangu yote, nikiulizwa nyumbani kwetu mimi ni wa ngapi, nilijibu wa tatu. Sasa najibu vingine, na watu wakishangaa, nawaeleza.

Kaeni salama huko mliko, wewe na Mama na yeye.

Mtoto wako wa nne.