Tsubaki kwa mgonjwa

Chizuru, niko kwenye ngazi za hospitali. Sina hata machozi.

Nimempelekea mama mkwe tsubaki. Tsubaki, shoga. Ua ambalo hata mtoto anajua halipelekwi kwa mgonjwa.

Nilikata tawi bustanini mbiombio nikidhani ni sazanka, ua pacha wake. Nimeliweka tu kwenye chombo, ua likadondoka zimazima juu ya blanketi, kama kichwa kilichokatwa.

Mama mkwe akaliokota. "Sazanka hupukutika petali moja moja," akasema. "Si wewe unayewafundisha watu kuitofautisha na tsubaki?"

Ni mimi. Miaka kumi na tisa nafundisha maua.

Nikataka kulitupa, akanishika mkono.

"Liache, mwanangu. Lenyewe limeanguka mara moja, likapumzika. Sazanka ni mimi, ninayepukutika siku baada ya siku."