Duka Juu ya Mawe

Binti yangu Ajwang,

Wengi hukosea hapa: hudhani duka la muda halihitaji kufungwa ardhini. Huku Dunga tunaliweka juu ya mawe makusudi, ili ziwa likipanda tulibebe. Lako la mabati la hapa lilisimama hivyo hivyo.

Mama yako hajambo, na maharagwe yametoa maua.

Jana asubuhi mdogo wako Dorca alikuwa ndani ya duka lako hilo akipanga dagaa wa omena, akinitania: "Baba, hii duka ni nyepesi, itahamia soko la Kibuye yenyewe!" Upepo wa ziwani ukaingia mlangoni, ukakosa pa kutokea, ukaliinua duka zima mbele ya macho yangu. Likamwangukia Dorca. Tulimtoa chini ya mabati amevunjika mkono. Akasema, "Si nilikuambia itahama?" Watu wakacheka. Mimi mpaka sasa sijaweza.

Ajwang, lile duka lako jingine la kule Mamboleo nalo liko juu ya mawe, na Dorca anasema kesho atalifungua kwa huo mkono mmoja. Hanisikii. Mpigie fundi leo alifunge ardhini.

Babako,
Oketch