Jina la Mtu Aliye Njiani

Kaloleni,
Kisumu.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Wakhisi,

Pokea salamu zangu na za wote walio katika nyumba hii, hata wale ambao hawajui kwamba nakuandikia. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, umekula, na una mahali pa kulala pasipo na upepo. Kama unaumwa, nakuombea upone. Kama ni pikipiki inayoumwa, hiyo najua utaitibu mwenyewe.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mimi nimechoka tu, uchovu ule wa mwenye mtoto mchanga, ambao haujui Jumapili. Mama yuko nyumbani Chwele, magoti bado yanamsumbua lakini maharagwe amepalilia mwenyewe. Mume wangu Walubengo yuko kazini, binti yangu Seline ameota meno mapya ya mbele na mdomo umekuwa mkubwa kuliko meno. Kila asubuhi anakalia jerikeni, anafunga macho na kunguruma. Nikimwuliza anaenda wapi, ananijibu, "Kwa mjomba. Usinisimamishe, hakuna breki."

Habari ambayo hukuipata ni kwamba nilijifungua. Ni mvulana, mzito, mwenye sauti. Alizaliwa wakati wa mvua kubwa, wewe ukiwa huko ambako wanasema mvua haifiki. Jina la kanisani ni Fabian. Jina la nyumbani bado hana, na hilo ndilo limenifanya nitafute kalamu.

Lakini kwanza nikueleze jinsi nilivyojua pa kukuandikia, usije ukadhani nimetuma watu wakufuatefuate.

Unamkumbuka Masinde, dereva wa lori la sukari, yule aliyekuwa akileta gari lake kwako pale gereji kwa Jitendra na kukuita daktari. Siku hizi anapakia sukari karibu na Awasi na kuipeleka mpaka Marsabit, na safari iliyopita alipewa mzigo wa kufikisha Kalacha. Aliporudi alipita hapa kwangu kula githeri. Halafu akaniambia ameona pikipiki nyekundu imeegemezwa nje ya duka huko Kalacha, na nyuma yake ule mpira wa kuzuia matope uliokatwa kutoka kwa kiatu cha gambuti, umeandikwa LORINE kwa rangi nyeupe.

Nilimwuliza kama alikuona. Hapana. Mwenye duka alimwambia kuna fundi mmoja kutoka huku chini, hazungumzi sana, amekwenda na wachungaji wa mifugo kutengeneza pampu ya kisima, atarudi akirudi. Masinde hakuweza kukungoja kwa sababu malori yanatoka pamoja. Nikamwuliza kama huko kuna mtandao wa simu. Akatazama sahani yake. "Uko, mama Seline. Nilimpigia mke wangu nikiwa hapo hapo."

Basi ndugu yangu, kutoka siku hiyo najua jambo moja kati ya mawili. Ama uko hai na umenyamaza kwa kupenda, ama pikipiki yako ina mtu mwingine. Nayabeba yote mawili, moja kila upande, na mtoto mgongoni.

Sijasahau kwa nini uliondoka. Tulimzika mke wako Lorine, na kabla udongo haujakauka shangazi zetu walikuwa wameanza kukutajia wasichana, fulani wa Chwele mpole, fulani wa Kimilili anajua kupika. Nilikuona ukiwaitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" huku unaosha kikombe kile kile. Uliponiambia unataka kwenda peke yako mpaka mahali barabara inapoacha kuwa barabara, sikuuliza kwa nini. Nilikuchemshia mayai, nikakusindikiza mpaka Mamboleo kabla jua halijatoka, na ulipowasha taa nikarudi. Mama ananiuliza mpaka leo, kwa nini hukumshika? Namjibu kwamba mtu mzima hashikwi kama kuku. Sijuti. Nataka ulijue hilo kabla hatujaendelea.

Zile sauti ulizonitumia njiani bado ninazo. Simu imejaa, kila siku inaniambia nifute kitu. Nafuta picha za harusi za watu. Sauti zako sizigusi. Ninazisikiliza nikinyonyesha, sikio moja kwako na moja kwa sufuria.

Ile ya Maralal unatafuna kitu, unaniita kwa jina langu la kifupi, "Nasi, lami imeisha. Kuanzia hapa ni mimi na changarawe." Ile ya Baragoi unacheka, umeanguka na hakuna aliyekuona isipokuwa ngamia, na ngamia hakushtuka. Ile ya South Horr ndiyo naipenda zaidi. Unaeleza kwamba kwenye changarawe mtu haendeshi amekaa, anasimama, magoti yamelegea, kama mwanamke aliyebeba mtungi. Na kwamba ukikaza mikono pikipiki inakutupa. Unaishika kidogo tu, unaiacha iyumbe, na macho yanabaki mbali, si kwenye jiwe lililo mbele ya gurudumu. Mimi ambaye sijawahi kuendesha hata baiskeli nimejifunza kwa hiyo sauti. Mtoto akilia mpaka nakaribia kulia naye, nalegeza mikono. Natazama mbali. Mara nyingine inasaidia.

Ya mwisho ni ya Loiyangalani. Upepo unakula nusu ya maneno. Unasema umefika kwenye ziwa lingine, kijani kibichi, kubwa kama letu, na kwamba ulisimama kwenye mawe meusi ukageuka kumwonyesha Lorine. Halafu ni upepo tu. Halafu unasema kesho unaelekea North Horr, utanipigia ukifika, na simu hiyo haijaja mpaka leo.

Nimefikiri sana juu ya upweke, kaka. Wewe ulikwenda kuutafuta mbali, kwenye nchi isiyo na mti. Mimi hata chooni siendi peke yangu, Seline anakaa mlangoni akiniimbia. Kuna siku nakuonea wivu, niseme kweli. Nafunga macho na kuona barabara tupu, hakuna anayeniita. Lakini nikikaa humo kidogo tu, maziwa yanaanza kunitoka yenyewe, na najua nimeshaitwa. Labda wewe huna kitu cha kukuita namna hiyo sasa. Ndiyo maana naita mimi.

Sasa mambo ya jina.

Mama mkwe alikuja kunisaidia tangu nijifungue, na Mungu ambariki, bila yeye ningeanguka kwenye jiko. Lakini mtoto huyu analia. Kila jioni, ndege wakianza kurudi kutoka ziwani, naye anaanza. Tumempeleka zahanati, tumbo halina kitu, masikio hayana kitu. Majirani wanapita wakiniita binti wa Bungoma kwa lugha yao, "Nyar Bungoma, mtoto wako ana redio." Mama mkwe yeye alisema tangu mwanzo, "Huyu hana ugonjwa. Huyu anataka jina."

Unajua kwetu jinsi inavyofanywa: jina la marehemu linalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Alimbeba akasimama naye mlangoni, akaanza kuita waliotangulia, mmoja mmoja, kwa upole kama anayebisha hodi. "Wewe ni Wechuli? Wewe ni Shitanda?" Mtoto analia tu. Walubengo akaanza utani wake. "Mama, ukimaliza wafu wetu utaingia kwa wafu wa majirani?"

"Nyamaza, wewe. Wewe ulilia mpaka tukakuita jina la mzee aliyependa pombe ya busaa. Ndiyo umekuwa hivyo."

Tulicheka sote. Mimi nilikuwa nakoroga githeri. Halafu nikasikia mama mkwe, kwa sauti ile ile ya upole, "Wewe ni Wakhisi?"

Na mtoto akanyamaza.

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. Walubengo alitazama chini. Nikasema, "Mama, huyo hayuko kwa hao."

Akanigeukia bila hasira. "Basi yuko wapi, binti yangu?"

Nilimchukua mtoto nikampa titi, nikasema amenyamaza kwa sababu amechoka. Lakini mama mkwe si mjinga na si mkatili. Anajua kuliko mimi kwamba mtoto hapewi jina la mtu ambaye bado analibeba. Siku nitakapokubali mwanangu aitwe Wakhisi, nitakuwa nimekuzika. Bila mwili, bila kaburi, kwa kinywa tu.

Jioni zilizofuata amelijaribu tena, na mara nyingine mtoto ananyamaza, mara nyingine hanyamazi. Mama mkwe anahesabu zile za kunyamaza. Mimi nahesabu zile nyingine. Nilimpigia Mama kule Chwele nikidhani atanisaidia kukataa. Akasema, "Kama ni yeye amekuja, msimfukuze."

Hayo yaliniumiza kuliko yote. Lakini sikiliza. Wiki iliyopita nilikwenda kumwona, nikamkuta shambani amevaa gambuti mguu mmoja na kandambili mguu mwingine. Ile uliyoikata kutengeneza mpira wa pikipiki ilikuwa ya kushoto, na ya kulia hajaitupa. Nikamwambia, Mama, nitakununulia nyingine Kisumu. Akakasirika kabisa! "Sitaki zako. Aliyeikata ataileta." Nikamtazama akiendelea kulima, mguu mmoja mkavu na mmoja umejaa matope. Hakuna anayemdai gambuti mtu aliyekufa. Mdomo wake umekuzika, miguu yake imekataa.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimemwambia mama mkwe kwa heshima, mbele ya mume wangu, kwamba jina hilo halitatolewa mpaka Masinde, atakayekuletea barua hii, arudi kutoka Kalacha. Akasema, "Masinde ameona pikipiki. Pikipiki si mtu." Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Ndiyo maana naandika kwa mtu." Amekubali. Amesema Masinde akirudi bila neno, nisimzuie tena, na mimi nimekubali. Nimetoa neno langu, na unanijua, sirudi nyuma.

Sasa unisikilize vizuri, Wakhisi. Sikuiti urudi. Kama bado kuna barabara unayotaka kuimaliza, imalize. Kama umepata watu wanaohitaji pampu na hawakutajii wasichana, kaa nao. Sitamwambia Mama ulipo kama hutaki, ingawa nitamwambia kwamba uko hai. Ninachoomba ni kitu ambacho ni mtu aliye hai tu anayeweza kukifanya. Nikatalie. Mshike Masinde shati, zungumza kwenye simu yake kwa sauti yako mwenyewe, hata kwa hasira, useme, "Jina langu msimpe mtoto, bado nalitumia." Nitamwekea mama mkwe simu sikioni. Halafu tutaendelea na wazee wengine, wapo wengi, hatutakosa.

Na kama aliyefungua bahasha hii si Wakhisi, bali ni mtu mwingine ambaye pikipiki ilimfikia, basi Bwana, sikujui, lakini nakusalimu. Sitakuuliza uliipataje. Pikipiki kaa nayo. Mwambie Masinde tu mahali ndugu yangu alipo, na kama alifunikwa vizuri. Nina mtoto anayengoja jina, na nitajua la kufanya. Ule mpira wa nyuma ulioandikwa LORINE ukate umpe Masinde, ni wa mama yangu.

Nimeandika hayo kwa sababu yalipaswa kuandikwa. Sasa narudi kwako.

Jitendra anakusalimu. Anasema fundi mpya ni kijana mzuri ila anasikiliza injini kama anayesikiliza mahubiri, anaitikia tu. Spana zako amezifungia. Walubengo anakusalimu, anasema amechoka kuwa mwanamume pekee wa kuonewa na mama yake. Seline anauliza kama ngamia ana honi. Mama nimemsalimia kwa niaba yako bila ruhusa yako. Kaburi la Lorine nililipalilia nilipokwenda, yale maua ya njano uliyopanda yameshika na yameanza kutambaa.

Mungu akulinde kwenye mawe na kwenye mchanga, akuwekee maji mbele yako kabla hujaona kiu, na usiku akulaze ubavu usiouma.

Mtoto ameamka, nasikia. Mpaka Masinde arudi tunamwita "Wewe" tu, na anaitika.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na ninayekutaja bado kati ya walio hai,

Nasipwondi