Aber Anapiga Magoti Ndani ya Miwani

Baba Aber,

Leo nina hasira, na kwa kuwa hupo wa kunituliza, utanisikiliza tu mpaka mwisho.

Ni mambo ya binti yetu. Mawazo yake bado yanaruka kama kabla hatujakuzika. Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa mlangoni kwetu, kule kambi ya polisi, ukimtuma brashi ya viatu? Anaingia ndani, kimya, halafu anatokea na kifaranga cha jirani mkononi. "Afande Aber, hiyo ndiyo brashi?" Ukamwuliza hivyo huku ukicheka, ukafuta viatu kwa kitambaa. Mwalimu wake hacheki. Ameniambia Aber asipotulia muhula huu, atarudia darasa la pili.

Ndiyo maana nampeleka kliniki moja huko Mengo, wanakofundisha watoto wa aina yake kutuliza mawazo. Wanamvalisha miwani mikubwa ya uhalisia pepe. Ukiivaa unajiona umo darasani na watoto wengine, kumbe umekaa kwenye kiti cha plastiki. Kazi ya Aber ni kutazama ubao na kubonyeza kitufe kila inapotokea herufi fulani. Huku mashine inamchokoza: ndege dirishani, kelele nje, mtu anafungua mlango. Asigeuke.

Ndege hawamsumbui tena. Hilo limenifurahisha; hata nyumbani sasa anamaliza kuchagua mchele. Lakini mlango! Mlango ukifunguliwa tu, Aber anaacha kitufe, anapiga magoti sakafuni, miwani usoni, anasalimia kama wasichana wa kwetu wanavyosalimia wakubwa. Mashine inaandika kosa. Jumatano iliyopita alimsalimia kila aliyeingia.

Nilimfokea. "Aber, tazama ubao!"

"Mama, mutu ameingia! Na hawa watoto wengine wamekaa tu, hawana adabu."

Furaha, dada wa Kikongo anayeendesha mashine, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Aber, usimugombeze. Wenye kuitengeneza hawakujua mambo ya magoti."

"Basi iambie."

"Siwezi, mama. Inahesabu yenyewe. Na hiyo hesabu ya makosa ndiyo mwalimu wake wa shule anangoja."

Huyo ni wewe mtupu, Baba Aber. "Mgeni kwanza," ulikuwa ukimwambia, na ulimngoja apige magoti hata kama uji unafurika jikoni. Anasahau kiatu, anasahau kitabu, anasahau alichotumwa akiwa bado njiani. Hicho ulichomfundisha wewe hajakisahau hata mara moja. Sasa mimi ndiye nimshike mkono nimpeleke akafundishwe kukiacha, la sivyo wenzake watamwacha nyuma. Nimechoka. Naichukia ile miwani. Mwalimu namchukia kidogo. Nawe nakukasirikia, maana uliondoka bila kuniambia nifanye nini siku ambayo heshima itakuwa kosa.

Jana jioni tulikuwa tunamenya ndizi. Nikamweleza kwamba humo ndani ya miwani hamna watu, ni picha tu. Yeyote akiingia asimsalimie, atazame ubao wake. Alikubali upesi mpaka nikashangaa. Akamenya ndizi nyingine. Halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Na baba akiingia?"

Kisu kilinisimama mkononi. Sikuweza kumkataza.

Jumatano tunarudi Mengo, na mlango utafunguliwa tena. Lala salama, mume wangu. Mimi bado nina hasira.

Mkeo,
Mama Aber